Walifika Nairobi kabla ya Kampala

Mtangazaji wa redio moja ya Kampala aliitambulisha hewani bendi moja ya roki kuwa ni "vijana wa Tororo walioibuka ghafla." Nilikuwa kibandani nachubua waya kwa meno, nikacheka peke yangu. Ghafla ipi? Tangu siku walipokuja kwangu na gitaa lililofungwa kwenye shuka mpaka asubuhi ile ya redioni, mwishoni mwa 2024, ilikuwa imepita miaka minne na ushee. Katika miaka hiyo bendi ilikufa mara mbili nikiitazama.

Mimi ni fundi wa redio, na kibanda changu kiko Tororo, mashariki mwa Uganda, upande wa kwota za reli. Nimetengeneza vyombo vyao tangu havijastahili kuitwa vyombo, kwa hiyo kisa hiki nakieleza nikiwa kwenye benchi la fundi. Jina la bendi naliacha na majina yao nayaacha pia. Kuna mvutano juu ya wimbo wao mmoja ambao haujaisha, nami sitaki benchi langu ligeuke kizimba. Nitawaita kwa kazi zao: Gitaa, Besi, Ngoma, na Sauti. Sauti ni binti.

Anayetaka kuwaelewa aanze na mji. Tororo ina mwamba wake mkubwa uliosimama peke yake, kilele chake mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na kila mgeni akisikia bendi ya roki imetoka huku lazima afanye utani wa mwamba. Vijana wenyewe wameuchoka utani huo siku nyingi. Cha maana kuliko mwamba ni barabara. Malaba, mji wa mpakani na Kenya, iko hapo jirani, na malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba yanapita kwetu usiku na mchana. Reli nayo inaingia hapa na kugawanyika, tawi moja likielekea Mbale na Soroti. Ndiyo maana mji huu una Wajopadhola, Wateso, Wagisu, Wasamia, watoto wa askari na watoto wa wafanyakazi wa reli waliozaliwa popote. Nyumba moja inaweza kuwa na lugha tatu, na zikigongana watu wanakimbilia Kiswahili.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu lugha ndiyo iliyoamua njia yao. Uganda ilirekebisha Katiba mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha ya pili rasmi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Lakini ukishuka kwenye teksi katikati ya Kampala ukaanza kuongea Kiswahili, kuna mzee atakayekutazama mara mbili. Kwake hiyo ni lugha ya askari wa kizuizi cha barabarani, na ya mwizi aliyegonga mlango usiku miaka ya sabini. Huku kwetu ni lugha ya kukopa chumvi. Vijana hawa walitunga kwa Kiswahili bila kupiga mahesabu yoyote. Gitaa ni Mjopadhola, Besi ni Mteso, Ngoma ni Mgisu, na Sauti alizaliwa kwenye kambi ya polisi. Wangetunga kwa lugha ya nani?

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi walirudishwa kwa mafungu, Juni 2021 milango ikafungwa tena, na shule hazikufunguka kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule muda mrefu namna hiyo. Tunajua hasara yake. Wapo mabinti waliopata mimba, wapo wavulana waliokwenda kubeba mizigo Malaba na hawakurudi darasani. Sitaki kusifia balaa. Lakini nikichambua kisa hiki kwa haki lazima niseme kwamba bila kufungwa kule, bendi hii isingekuwepo. Kijana wa sekondari ya bweni anapata nini? Jioni moja kwa wiki ya klabu ya muziki, kama mwalimu yupo. Hawa walifanya mazoezi saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, karibu miaka miwili. Ondoa siku za mvua, za umeme kukatika na za kugombana, ondoa nusu nzima ukitaka, bado zinabaki saa zaidi ya 600. Watu wanasema kipaji. Kipaji walikuwa nacho, sikatai, ila mimi nilisikia miezi sita ya kwanza. Ilikuwa adhabu kwa mtaa.

Vyombo walivipataje? Makanisa nayo yalifungwa. Kanisa moja la kilokole karibu na kwota lilikuwa na dramu, besi na spika mbili, vyote vikikaliwa na panya. Gitaa na Besi walikuwa wakipiga hapo kila Jumapili, na mwangalizi wa jengo, mama mmoja mwenye huruma, aliwapa ufunguo kwa sharti la kufagia. Gitaa la umeme halikuwepo. Palikuwa na gitaa la mbao tu, lile lililokuja kwangu ndani ya shuka.

Na roki yenyewe? Hiyo ilishuka kutoka kwenye lori. Mei 2020 madereva wote walitakiwa kupimwa mpakani, na foleni ya malori ikarudi nyuma kilomita nyingi upande wa Kenya na kujaa tele upande wetu. Mtu alilala kwenye kabini siku nne, tano. Mama yake Sauti alikuwa akiuza chai na chapati kandokando ya foleni, binti akibeba chupa za chai. Dereva mmoja wa Nakuru alikuwa anapiga muziki wa makelele mpaka vioo vinatetemeka. Wenzake walimwona ana wazimu. Sauti akamwuliza ni nini kile, naye akamnakilia flashi nzima: bendi za Marekani, za Uingereza, na za Nairobi, kama Parking Lot Grass na Murfy's Flaw. Za Nairobi ndizo zilizowashtua. Kwamba mtu mweusi wa mji unaofikika kwa basi anaweza kupiga vile, hilo hawakulijua.

Basi wakaja kwangu wakitaka gitaa la mbao "lilie kama lori." Ndivyo Gitaa alivyosema. "Mzee, nataka lilie kama lori linapanda mlima."

Hapa wasomaji wasiopenda ufundi waniwie radhi, mimi ndiyo raha yangu. Nilikuwa na kile kidude cha piezo, kisahani chembamba cha shaba kinachopatikana kwenye saa za mezani zinazolia na kwenye kengele za kuchezea watoto. Ukikigandisha ndani ya tumbo la gitaa kinanasa mtetemo na kuugeuza umeme. Tatizo ni kwamba ukikichomeka kwenye ampu ya kawaida sauti inatoka nyembamba, kama nzi ndani ya kopo. Kibandani palikuwa na redio kubwa ya zamani ya transista yenye kasha la mbao. Mwenyewe, mzee mmoja mstaafu wa reli, aliileta 2018 na hakurudi. Redio za aina hiyo zina tundu nyuma la kuchomekea gramafoni, na sindano za gramafoni nyingi za wakati ule zilikuwa na fuwele ndani yake, jamaa moja kabisa na kile kidude. Tundu lile lilitengenezwa kwa ajili ya mkondo dhaifu wa namna hiyo. Nikachomeka, nikafungulia sauti mpaka mwisho, Gitaa akapiga nyuzi zote kwa mkupuo.

Redio ilishindwa, na kushindwa kwake ndiko kulikotufurahisha. Ukiilazimisha transista itoe kuliko uwezo wake, vilele vya wimbi vinakatwa, na sauti inapasuka ikiwa na mikwaruzo yenye utamu ndani yake. Wenye fedha hununua pedali ya distoshoni wapate hicho. Kuku wa jirani walikimbia. Gitaa alikaa chini kwenye kreti la soda, akaniangalia, hakusema kitu. Nikamwazima redio. Haikuwa yangu, lakini nikamwazima.

Sehemu ya pili ya sauti yao ni Ngoma. Huyu alikulia kwenye kadodi, ngoma za Wagisu zinazowasindikiza vijana wa imbalu, yaani tohara, zile ambazo zikipita mtaani hata asiyetaka kucheza anajikuta mabega yanatikisika. Dramu za kanisa alizijua kidogo tu. Alipokalia kiti chake aliuhamisha mwendo wa kadodi kwenye dramu, bila darasa lolote. Nimesikia bendi nyingi za vijana zikiiga roki, na kosa lao huwa moja: mpigaji dramu anapiga alichosikia kwenye rekodi. Huyu hakuweza kuiga hata angetaka. Kwa maoni yangu, na Besi hakubaliani nami hapa, ukimtoa Ngoma bendi hii inabaki kuwa vijana wanaopenda bendi za watu wengine.

Kifo cha kwanza kilikuja shule zilipofunguliwa. Januari 2022 Gitaa na Sauti wakapelekwa bweni, kila mmoja upande wake, na kanisa likapata kiongozi mpya aliyesikia habari za mazoezi. Dramu zikafungiwa stoo, mama wa ufunguo akaonywa mbele ya watu. Muziki wa shetani, kwa ufupi. Yule mama hakuwahi kutajwa kwenye mahojiano yao hata moja, jambo ambalo nimewaambia usoni.

Likizo ya Agosti ilipokuja wakapanga kujikusanya. Lakini 2022 ulikuwa mwaka wa imbalu, kwa maana imbalu hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, na msimu hufunguliwa Agosti pale Mutoto, karibu na Mbale. Safari hii Ngoma hakuwa mpigaji. Ilikuwa zamu yake kutahiriwa. Alijipaka unga, akazunguka kwa wajomba na mashangazi, akasimama mbele ya kisu, akapona, na mambo ya ukoo yakamshika hadi Desemba. Besi alikuja kwangu akaketi, akasema kwamba wametafuta mpigaji mwingine Mbale na hawakumpata. Wote wanaojua kadodi walikuwa kwenye kadodi. Nilidhani hadithi imekwisha, nikaipanga redio juu ya rafu.

Kilichowafufua kilikuwa kipande cha video cha dakika moja na nusu ambacho Sauti alikirekodi kwa simu ya mama yake mwaka 2021, ndani ya kanisa tupu. Wimbo wao wa kwanza, juu ya foleni ya malori. Facebook ilikuwa imefungwa Uganda tangu uchaguzi wa Januari 2021, kwa hiyo video ilikwenda kwa WhatsApp, na waliokuwa wakiitumiana zaidi hawakuwa mashabiki wa roki. Walikuwa madereva. Wimbo uliwahusu: kulala kwenye kabini, pamba ya kipimo puani, mke anayepiga simu usiku. Ulisafiri nao Eldoret, Nakuru, Nairobi. Januari 2022 foleni ilipojaa tena mpakani kwa sababu ya masharti mapya ya kupimwa, na petroli ikapaa huku kwetu, video ilizunguka upya kana kwamba imetungwa jana. Mwaka mmoja baadaye, mtu mmoja anayeandaa maonyesho ya roki Nairobi alimpigia simu mama yake Sauti. Mama alidhani ni tapeli, akakata. Jamaa akapiga tena.

Tazama njia hiyo. Nairobi ina kundi lake la watu wa roki tangu zamani, lenye kumbi na mashabiki wake, lakini nyimbo nyingi ni za Kiingereza. Ghafla wanaletewa watoto kutoka Uganda wanaopiga kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa chetu, cha Tororo, kile ambacho Mkenya anakicheka kwanza. Walicheka. Kisha Ngoma akaanza. Kampala ingewapokea vile? Mwaka huohuo Besi alipeleka rekodi kwa redio mbili za Kampala, na kote aliambiwa jambo moja: imbeni Kiluganda, au angalau Kiingereza. Sidhani waliomwambia hivyo walikuwa wabaya. Walikuwa wanauza matangazo kwa wasikilizaji wanaowajua.

Na njia hii inakwenda pande zote mbili. Duma, wale vijana wawili wa Nairobi waliotoka kwenye muziki wa metali, walikuja kurekodi Kampala, na albamu yao ikatolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda. Nairobi hawakuwa wageni, lakini dunia iliwasikia kupitia kwetu. Wakati mwingine mtu anasikika vizuri akiwa ng'ambo ya mpaka wake. Kwa mtoto wa Kampala mpaka ni safari. Kwa mtoto wa Tororo ni bodaboda na kitambulisho cha taifa, maana tangu 2014 Mganda na Mkenya wanavuka kwa kitambulisho tu. Hawa, kwa kuwa wawili walikuwa chini ya miaka 18, walivuka na barua za wazazi na mama yake Sauti akiwa msimamizi, kapu la chapati mkononi.

Kabla ya Nairobi walipiga onyesho moja la kulipwa hapa nyumbani, kwenye ukumbi ambao sitautaja. Mixa ilikuwa imechomekwa kwenye waya wa kurefushwa kutoka jengo la pili, ampu ya gitaa kwenye soketi ya ukutani ya ukumbi. Gitaa alisogeza mdomo kwenye maikrofoni aitikie kiitikio, vidole viko kwenye nyuzi, akaruka nyuma kama aliyepigwa kofi. Watu wakashangilia wakidhani ni mbwembwe. Nilikuwa mlangoni, nikajua papo hapo: soketi ya ukutani haikuwa na athi, ule waya wa ardhini, kwa hiyo nyuzi zilikuwa na umeme na maikrofoni haina, na mdomo wake ndio uliokamilisha njia. Nikazima kila kitu, nikahamisha vyote viwili kwenye chanzo kimoja chenye athi, nikafunga kipande cha sponji ya godoro mbele ya maikrofoni. Wakaendelea. Mwenye ukumbi alinikata fedha ya kiingilio kwa "kuchelewesha shughuli." Mpaka leo Gitaa hagusi maikrofoni kabla ya kuigusa kwa nyuma ya kidole, na nimeona vijana wengine wa mji wanamwiga wakidhani ni mtindo wake.

Sasa ule mvutano. Wimbo wa malori ulirekodiwa upya mwaka 2023 kwenye studio ndogo, si Nairobi, na mwenye studio aliwapa karatasi ya kurasa mbili. Besi alikuwa na miaka 19, akasaini kwa niaba ya wote. Karatasi inasema rekodi na "kazi" ni mali ya studio. Sheria ya Haki Miliki ya Uganda ya 2006 haina utata kwamba mtunzi ndiye mwenye haki tangu kazi inapowekwa kwenye umbo la kudumu, hata bila kusajili, na haki hiyo inaishi muda wote wa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mtunzi kuihamisha kwa maandishi. Je, Besi aliihamisha? Maneno aliyatunga Sauti, ambaye wakati ule alikuwa mtoto kisheria na hakusaini chochote. Mwendo ni wa Ngoma. Ule mlio wa mwanzo, unaotambulika kabla hata hajaimba mtu, ni wa Gitaa na redio. Wakili waliyempata Mbale anasema Besi hakuweza kuuza kisichokuwa chake. Mwenye studio anasema yeye ndiye aliyewapa saa 20 za bure pale wasipokuwa na nauli, na hilo nalo ni kweli. Mimi lawama yangu naiweka kwa sisi watu wazima tuliokuwa karibu. Mama yake Sauti aliisoma barua ya mpakani mara tatu. Karatasi ya studio hakuna mtu mzima aliyeisoma, pamoja na mimi, na iliwekwa juu ya benchi langu.

Baada ya Nairobi mambo yalikwenda mbio na hayana mengi ya kueleza: maonyesho mengine Kenya, jukwaa dogo kwenye tamasha moja kando ya Nile, picha, mahojiano, Kampala ikaamka. Redio mojawapo kati ya zile mbili ndiyo iliyosema wameibuka ghafla. Msimu wa imbalu wa 2024 hawakupanga onyesho lolote kati ya Agosti na Desemba, Ngoma akaenda kupiga kadodi kama kawaida yake. Meneja waliyempata Nairobi alilalamika sana. Sauti akamwambia aangalie kalenda ya 2026 mapema.

Redio waliichukua moja kwa moja. Studio ya Nairobi ilijaribu pedali saba kutafuta mlio ule, ikashindwa, kwa hiyo redio ikapanda basi ikiwa imefungwa kwenye shuka lilelile. Mapema 2025 mzee mstaafu wa reli akatokea kibandani, mkongojo mkononi, ametoka Soroti. Akasema alikuwa mgonjwa miaka mingi, sasa amekuja kuchukua redio yake. Nikamkalisha kwenye kreti. Nikamweleza, nikaona haelewi, nikamwonyesha video kwenye simu. Kamera ilipopita nyuma ya Gitaa aliinama karibu na kioo.

"Si yangu hiyo?"

"Ni yako, mzee."

Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kikienda na kadodi. Kisha akanirudishia simu.

"Na huo wimbo," akauliza, "wanamlipa nani?"